Beki Aliyesimamisha Mpira kwa Adabu

Watu wanadhani kazi ya kipa ni kudaka. Kudaka ni kidogo tu. Kazi kubwa ya kipa ni kupiga kelele. Unasimama kule nyuma peke yako, unaona kila kitu, na kila unachokiona lazima ukiseme kwa sauti: huyu anakuja, yule ameachwa, weye rudi, weye panda. Mimi nilikuwa kipa, gadien kama tunavyosema sisi, wa timu ya vijana ya zoni yetu pale Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, na sauti nilikuwa nayo. Mikono ndiyo ilinisumbua kidogo.

Kiwanja chetu kiliinama upande wa ziwa, kwa hiyo timu iliyopewa goli la juu ilicheza kama inateremshwa, na iliyopewa goli la chini ilicheza kama inapanda na mzigo. Milingoti ya goli ilikuwa mikaratusi. Nyavu hazikuwepo, na kwa sababu hiyo kila goli lilijadiliwa. Lilipita juu, lilipita kando, halikupita kabisa, ni macho yako. Ng'ombe wa wenyeji, wale wenye pembe ndefu, walikatiza katikati ya mechi wakienda kunywa maji, na sijawahi kuona refa aliyethubutu kuwapiga filimbi.

Nami pale golini nilikuwa na mtangazaji wangu kichwani. Mpira ukiwa mbali alinieleza mimi kwa watu wote wa dunia: tazameni kipa huyu, jamani, tazameni anavyosimama! Mama yangu alisema ninaota macho wazi, na kwamba siku moja sufuria itaungua mbele yangu huku nikitabasamu. Iliungua mara nyingi.

Mwaka ule mashindano ya zoni yalikuwa na jambo jipya. Timu itakayoshinda ingepelekwa Mbarara kucheza na vijana wa mjini, kwenye uwanja wenye majani mabichi na goli zenye nyavu. Nyavu! Nililala nikiziwaza. Nilitaka kusikia mpira ukigonga wavu, ila uwe wavu wa wenzetu.

Kabla mashindano hayajaanza tulipata beki mpya. Alitoka Tanzania, akavuka mpaka pale Kikagate na begi moja la mgongoni. Wazazi wake ni Warundi, lakini yeye alizaliwa na kukulia kambini huko upande wa Kigoma. Kambi ilipofungwa wenzake walitawanyika, naye akaletwa kwa mama yake mdogo, aliyeolewa na jirani yetu, Mkongomani muuza chumvi na sabuni.

Kiswahili chake kilikuwa kama cha taarifa ya habari. Siku ya kwanza alimfuata kocha wetu, fundi baiskeli mmoja wa kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, ambaye wote tulimwita Vye, kama tunavyowaita wakubwa tunaowaheshimu, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mwalimu."

Vye akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeamkiwa. Kwetu mtu anasema jambo, Vye, anapewa mkono, imekwisha.

"Weye Redio," kapteni wetu akamwita kutoka kule alikokuwa anafunga kamba za viatu, "habari ya leo inasema nini? Mvua itanyesha?"

Tukacheka, naye akacheka pamoja nasi. Hakuwa mtu wa kununa. Uwanjani alikuwa hodari kuliko mabeki wetu wote, tena na adabu ya ajabu. Alikunyang'anya mpira, akasema samahani, akaondoka nao.

Siku moja tulikuwa tunangoja zamu yetu kwenye bomba la maji, mitungi yetu imepangwa mbele, nikamuuliza kama amezoea. Akatazama chini.

"Nimewakumbuka wenzangu," akasema. "Kule tulikuwa timu nzima tangu utotoni. Sasa sijui nani yuko wapi. Mama mdogo ananiambia nisihuzunike, eti vijana wa hapa watanitosha."

Nikashtuka. Niliona mama yake mdogo ni mkali sana, kumwambia mtoto mgeni maneno kama hayo. Nikamshika bega.

"Usimusikilize," nikamwambia. "Miye nakuahidi, sisi hatutakutosha."

Maji yalipojaa akabeba mtungi wake akaenda bila kuniaga. Nikasema moyoni, maskini, maneno yangu yamemgusa.

Hapa lazima nieleze kitu, la sivyo utatuona wote wawili hatuna akili. Kwetu, kutosha ni kutoa. Tosha viatu mlangoni, tosha sufuria motoni, tosha mbuzi mu shamba. Kitu kikifika kipimo, sisi tunasema kimeenea. Mimi nilikuwa nimemwahidi kwamba hatutamtoa kwenye timu. Yeye alikuwa amesikia kwamba sisi, hata tufanye nini, hatutamfaa kitu. Lakini siku ile hakuna aliyejua, na mashindano yakaanza.

Mechi ya kwanza tulicheza na zoni ya upande wa pili wa soko. Tulikuwa tunaongoza moja kwa bila, goli la kapteni, na watu wa kwetu walikuwa wameshaanza kuimba. Mpira mrefu ukaja upande wangu. Beki wetu akauwahi vizuri, akautuliza, na nyuma yake nikamwona mshambuliaji wao mfupi anakuja mbio. Nikafungua mdomo.

"Tosha! Tosha! Tosha!"

Beki akasimama. Akaweka mguu juu ya mpira, taratibu, kama mtu anayeweka mguu juu ya karatasi isipeperuke. Akageuka kunitazama mimi, uso mpole kabisa, akingoja niseme kinachofuata. Yule mfupi akauchukua mpira chini ya mguu wake, akanipita, akafunga. Safari hii hapakuwa na mjadala wa goli. Hata sisi tuliona limeingia.

Tulitoka sare. Bado tulikuwa na nafasi, ila sasa ilikuwa lazima tushinde mechi ya mwisho, Jumamosi iliyofuata, na jioni ile tulikusanyika kwa Vye, kando ya barabara, alipokuwa anatengenezea baiskeli. Tukakaa juu ya matairi mabovu. Hakuna aliyemkaribia beki. Kapteni alibaki amesimama. Alikuwa mrefu, mchungaji wa ng'ombe za baba yake, na alizoea kusema mara moja tu na kusikilizwa.

"Vye," akaanza, "mupira ilikuwa mu miguu yake. Gadien ameita, bote tumesikia, hata bale ba kule ku soko bamesikia. Ule anasimama sawa mutu anangoja foto! Miye nasema tumutoshe."

"Tumutoshe," mwingine akaitikia. "Mu Mbarara batatucheka mubaya."

Nilimwangalia beki kwa huruma, nikitafuta neno la kumtetea, nikamkuta anatabasamu. Si tabasamu la mtu aliyeaibika. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeletewa zawadi.

"Ahsante sana, kapteni," akasema. "Sikutegemea, hasa baada ya goli la leo. Kipa aliniambia kule bombani kwamba hamtanitosha, nikawa sina raha. Kumbe mmebadili mawazo."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Gadien," kapteni akasema polepole, "ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hatutamutosha."

"Na yeye hakufurahi?"

"Alibeba maji yake akaenda."

Vye akaweka spana chini. "Mutoto, kuya hapa karibu. Kwenu, kutosha ni kufanya nini?"

Beki akafikiri, kama mwanafunzi aliyepewa swali jepesi mno. "Kutosha? Ni kama chakula, mwalimu. Kikitosha, kila mtu anashiba. Na marafiki nao wakikutosha, basi, wale wa zamani hawakuumi sana moyoni."

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Na gadien akiita tosha, kule uwanjani?"

"Nilijua anasema basi, yatosha. Nikafikiri refa amepiga filimbi nami sikusikia. Nikasimamisha mpira upesi, asije akasema huyu mgeni ni mkaidi."

Vye alianza kucheka kwa mabega tu. Halafu kicheko kikamshinda, akashika gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, likazunguka naye, akakaa chini mavumbini akilia machozi. "Yangu mama!" alisema. "Yangu mama! Kwa adabu!" Alipopata pumzi akamweleza: kwetu tosha ni toa. Tosha mupira, ni piga, ondoa, peleka mbali hata ziwani.

Sasa sote tukacheka, na beki akacheka zaidi ya wote akijipiga paji la uso. Lakini mimi nilikuwa namtazama, nikaona kicheko chake kinapungua, kinapungua, kama koroboi inayoishiwa mafuta. Akili yake ilikuwa bado inatembea. Ikafika. Akamgeukia kapteni.

"Kwa hiyo wewe, uliposema tumtoshe..."

Kapteni alikuwa kijana ambaye niliwahi kumwona akimsukuma fahali kwa bega. Siku ile nilimwona akitafuta pa kuweka mikono.

"Nilisema kwa Kiswahili ya kwenu," akasema.

Tukabaki midomo wazi.

"Kwa Kiswahili ya kwenu," akarudia, sasa kwa ukali, akitutazama mmoja mmoja, na ungedhani atakayebisha atapigwa. "Juu yake, asikie muzuri. Miye nasikilizaka redio."

Sijui kama beki alimwamini. Mimi nisingeamini. Lakini alitikisa kichwa kukubali, akasema sawa, na hakuuliza tena.

Vye akajifuta macho. "Muzuri. Anabaki. Lakini musikie: Jumamosi, mupira ikipotea tena juu ya neno, Mbarara tutaisikia kwa bengine. Na weye, mutoto, itakuwa lazima nikuweke pembeni, hata kama roho inaniuma. Sitapenda, lakini bakubwa ba zoni hawataelewa mambo ya neno."

Kwa hiyo tukapatana kwamba mimi ndiye nitakayebadilika. Mimi ndiye mpiga kelele. Badala ya tosha, nitaita toa. Neno nililijua, ila nililijua la kanisani, la wakati kikapu cha sadaka kinapita. Kila nilipolisema nilijikuta nalisema kwa upole, na upole haumfukuzi mshambuliaji. Ikabidi nijifunze kulipiga. Nilikuwa naenda nyuma ya nyumba yetu, kwenye muhogo, nasimama miguu wazi, nauelekea muhogo na kupayuka: "Toa! Toa! Toa upesi!"

Mama akatoka na mwiko mkononi, uso umejaa nuru.

"Mutoto wangu," akasema, "kumbe pasta amekupa kazi ya kukusanya sadaka?"

"Hapana, mama. Ni ya mupira."

Nuru ikazima. "Lakini siku ukipewa, usiwaambie watu watoe upesi," akaniambia akirudi jikoni. "Sadaka haiitwi na fujo."

Jumamosi ikafika. Refa alikuwa askari polisi mmoja, Mnyankore mnene aliyetumwa kutoka Kabingo, na kabla ya kuanza alituita katikati. "Sikia, nyinyi vijana," akasema. "Mimi hapana taka kelele. Mimi hapana taka matusi ya Kongo, hapana ya Burundi, hapana ya Somalia. Kama nataka tukana, tukana roho ndani. Sawa, sebo?" Sebo kwao ni bwana.

"Sawa, afande!"

Kapteni alitufungia goli mapema, tulipokuwa tunacheza kuteremka. Kipindi cha pili tukageuziwa mlima, na kazi yote ikawa yangu na ya mabeki. Walikuja kulia, walikuja kushoto. Mara mbili niliita "Toa!" na sauti ikatoka sawasawa, na beki akautoa. Mtangazaji wangu kichwani aliishiwa sifa.

Karibu na mwisho wakapata kona. Mpira ukaja juu, ukagonga kichwa cha mtu, ukagonga goti la mtu, ukadondoka mbele ya beki wetu hatua chache tu kutoka kwangu, na mguu wa mshambuliaji wao ulikuwa tayari umerudi nyuma kupiga. Nikafungua mdomo. Lile neno la nyuma ya nyumba sijui lilikimbilia wapi. Lililotoka ni lile nililozaliwa nalo.

"Toshaaa!"

Nililisikia likienda. Ningeweza ningelikimbilia nikalirudishe. Nilimwona tayari kichwani amesimama, mguu juu ya mpira, uso mpole. Nilimwona amekaa mlangoni kwa mama yake mdogo na begi lake, hana timu tena.

Beki akaupiga. Hakuupiga tu, aliupeleka. Mpira ulipita juu ya watu, juu ya mstari, ukaenda kuangukia katikati ya ng'ombe waliokuwa wanatoka majini, na ng'ombe wakatawanyika. Yule mshambuliaji alipiga hewa akakaa chini.

"Wewe beki!" refa akafoka. "Ile mpira nani taleta? Ng'ombe hapana rudisha mpira!" Akangoja kidogo, akaangalia saa, akaangalia ng'ombe, akaona heri apige filimbi ya mwisho.

Watu waliingia uwanjani. Nilimfikia beki kabla ya wengine nikamkumbatia.

"Umesema tosha," akaniambia.

"Nimesahau."

"Nilijua utasahau." Alikuwa anahema na kucheka. "Nilimwambia mama mdogo anifundishe. Juma zima nyumbani ni hiyo tu. Tosha chungu, tosha mtoto juani, tosha kuku kitandani. Hata mume wake ameniuliza kama naumwa."

Kapteni alikuja akampiga kofi la mgongo lililomsogeza mbele, akaenda zake.

Mbarara tulienda Jumapili mbili baadaye, baada ya ibada ya asubuhi, maana mama zetu hawakutaka kusikia habari nyingine. Uwanja ulikuwa wa shule moja kubwa, na majani yake yalikuwa mabichi kweli. Vye aliinama akayapapasa kama anayepima kitambaa. Kapteni alisimama akiyatazama kwa muda mrefu.

"Hapa," akasema, "ng'ombe zangu zingeshiba mpaka Krismasi."

Mimi nilienda moja kwa moja golini nikazishika nyavu. Zilikuwa laini. Nilizisukuma kwa kidole, zikarudi.

Vijana wa mjini walivaa soksi za rangi moja, na walizoea majani. Sisi tuliteleza. Goli lao la kwanza lilipita katikati ya miguu yangu na kukaa wavuni, likaonekana na watu wote. Kwetu ningesema limepita kando. Wavu haujui ubishi.

Hapo ndipo nikasikia sauti ambayo sikuitambua.

"Weye kapiteni! Rudia nyuma! Uko nalala fasi gani?"

Nikafikiri ni Vye. Vye alikuwa kwenye mstari, kimya, na yeye anatafuta ni nani.

"Miye nasema na weye! Bale bako babili, na weye unaangalia majani! Kuya huku!"

Alikuwa beki wetu. Lafudhi ilikuwa bado ya Kigoma, maneno yamekaa mdomoni kama kofia ya kuazima, lakini hasira ilikuwa ya kwake mwenyewe. Kapteni, mwana wa mwenye ng'ombe, ambaye hata refa alimwogopa kidogo, akarudi nyuma mbio bila neno.

"Na weye gadien!" Akanigeukia mimi. "Miguu yako ni mulango? Funga!"

Nikafunga. Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile.

Tulisawazisha, kapteni tena, na wavu ukatoa ile sauti niliyoingoja mwaka mzima: haikuwa kubwa, kama mtu anayekung'uta shuka. Halafu wakatufunga la pili, tukashindwa. Vijana wa mjini walitushika mikono, na mama mmoja aliyekuwa anauza maziwa nje ya ukuta akatumiminia kila mtu kikombe, eti tumecheza vizuri kwa watu waliotoka mbali.

Njia nzima ya kurudi, kapteni na beki waligombana juu ya goli la pili.

"Ule alikuwa wako."

"Wangu? Weye ndiye ulimwacha kona!"

"Nilimwacha juu ulisema uko naye!"

"Nilisema naja! Naja si niko naye!"

"Batoto," Vye aliwaomba, "nyamazeni, dereva anaogopa." Hawakunyamaza. Tuliposhuka Rwekubo kununua mandazi walikuwa bado wanaoneshana kwa mikono, na tulipofika kwenye njia panda ya zoni yetu kapteni akasema, "Kesho nakuya kwenu tumalize hii maneno."

"Kuya," beki akamjibu. "Na usichelewe."

Kesho yake nilipita pale na mtungi wangu wa maji. Wawili hao walikuwa wamekaa nje, mbele ya sahani moja ya muhogo na maharage aliyowawekea mama mdogo, lakini hawakuwa wanakula. Walikuwa wamepanga mawe mavumbini. Hili ni weye, hili ni miye, hili ni yule wa soksi. Nikasimama kuangalia. Kulikuwa na jiwe moja dogo, bapa, limewekwa mbali kabisa na goli.

"Hilo ni nani?" nikauliza.

"Gadien," wakasema pamoja, bila kuinua vichwa.

Nikatua mtungi chini, nikakaa katikati yao ili nilisogeze lile jiwe golini.